Picha ndogo ku ekrani ya zamani: mbele ya kushika turnevisi, uliza nani aliipunguza

Kuko ordinateri za zamani zenye zilitengenezwa kwa ajili ya nyumba, haiko kwa biro: Commodore 64 ilitoka mu 1982, Amstrad CPC 464 mu 1984, Atari ST na Amiga mu 1985. Leo kule Ufaransa, Uingereza na Ujerumani watu wengi wanazitoa tena mu stoo, wanazipangusa vumbi, wanaziwasha. Na lalamiko la kwanza karibu ni moja tu: picha iko ndogo. Maandishi yote yamejikusanya katikati, na pembeni pote kuko ukanda mweusi ao wa rangi, sawa picha ya pasipoti yenye wameitia mu kadre kubwa. Mwenye mashini anasema: ekrani nililipa yote, juu ya nini inafanya kazi nusu?

Tunataka kuzungumza na yule ambaye tayari ameshika turnevisi mkononi. Visi ya kukuza picha iko kweli mule ndani. Lakini ni ya mwisho, haiko ya kwanza. Picha inaweza kuwa ndogo kwa sababu ordinateri yenyewe njo iliichora ndogo. Ao monita haijaregliwa vizuri. Ao tena monita iko mgonjwa. Mtu anayekaza visi bila kujua ni gani kati ya hizo tatu anaweza kuficha ugonjwa, anaweza kuharibu ekrani, anaweza pia kufa. Hatusemi hivyo kwa kutisha watoto. Mule ndani ya monita ya rangi kuko volti 20.000 mpaka 25.000.

Namna picha inachorwa

Ekrani ya zamani haiko bapa kama ya telefone. Ni chupa kubwa ya kioo isiyokuwa na hewa ndani. Wafundi wanaiita tibu. Ku shingo ya chupa, kule nyuma, kunatoka mshale mwembamba wa elektroni. Kioo ya mbele imepakwa unga unaowaka kila fasi mshale unaugonga. Na ku shingo ile kumevalishwa bobini za waya ya shaba. Umeme ikipita mu bobini, inavuta mshale: bobini moja inaupeleka kushoto na kuume, ingine inaupeleka juu na chini.

Kwa kipimo cha Ulaya, mshale unachora mistari 15.625 kila sekonde, na unaanza ukurasa mupya mara 50 kwa sekonde. Fanya hesabu: inatoka mistari 312 na nusu kwa kila ukurasa. Kila mstari unakula mikrosekonde 64, ni kusema sekonde moja ukiikata vipande milioni, unachukua vipande 64. Umeme ikiongezeka mu bobini, mshale unaenda mbali zaidi, picha inapanuka. Ikipunguka, picha inajikunja. Ukubwa wa picha ni nguvu ya umeme mu waya ya shaba, hakuna uchawi mwingine.

Na shaba ile tunaijua. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka, na sehemu yake ilikuwa inaenda kusafishwa Ubelgiji, ku Olen, mbele ya kugeuka waya.

Wa kwanza wa kuulizwa: ordinateri

Tuchukue Amstrad CPC, kwa sababu iliuzwa sana Ufaransa na kwa sababu iliuzwa pamoja na monita yake. Hata umeme ya ordinateri ilikuwa inatoka mu monita ile. Mstari mmoja unachukua mikrosekonde 64, lakini mshale unahitaji muda wa kurudi kushoto, kwa hiyo zinabaki karibu 52 zenye zinaweza kuonekana. CPC inatumia 40 tu. Kwa urefu, mistari karibu 288 inaweza kuonekana. CPC inatumia 200. Inakuwa karibu 77 kwa mia ya upana, na karibu 70 kwa mia ya urefu. Commodore 64 nayo ina mistari 200 na inakaribia sana upana ule. Kile kinachobaki njo ule ukanda wa pembeni. Haiko ugonjwa. Mashini ilizaliwa vile.

Juu ya nini waliifanya hivyo? Kuko sababu mbili, na zote mbili zina akili.

Ya kwanza ni televizio. Watu wengi walikuwa wanachomeka ordinateri ku televizio ya saluni. Wenye kutengeneza televizio walikuwa wanakuza picha kusudi ipite ukingo wa ekrani, kwa sababu walijua: kifaa kikizeeka, ao umeme ya nyumba ikishuka, picha itapunguka. Wakiipanua mbele ya wakati, mteja hataona kitu. Kwa filamu haina neno, ukingo ukikatwa hakuna anayelia. Lakini kwa ordinateri, ukikata ukingo unakata herufi ya kwanza ya kila mstari. Kwa hiyo waliacha nafasi, sawa vile mtu anayeandika barua anaacha nafasi pembeni ya karatasi.

Ya pili ni memwari. Picha ya CPC ni bayiti 80 kwa kila mstari, mara mistari 200: bayiti 16.000. CPC 464 ilikuwa na kilobayiti 64 kwa vitu vyote, picha na programu pamoja. Ukitaka picha ijaze ekrani yote, unakula chakula ya programu. Wahandisi walichagua, na walichagua vizuri.

Sasa, namna gani kujua kama ukanda ule unatoka ku ordinateri ao ku monita? Iko njia ya bure, bila kufungua kitu. Ku CPC, andika BORDER 26. Ku Commodore 64, andika POKE 53280,1. Ukanda wote unageuka mweupe. Angalia sasa. Kama weupe unafika mpaka ukingo wa kioo pande zote ine, monita yako iko mzima na inachora ekrani yote. Ni ordinateri njo imechagua kuandika katikati. Rudisha turnevisi mu sanduku. Kama inje ya weupe kunabaki tena weusi, juu na chini ao kushoto na kuume, basi monita njo inapunguza. Mtihani huu unachukua dakika moja, na umeokoa monita mingi.

Kama picha haiko ndogo lakini imesogea upande mmoja, hata hapo ordinateri inaweza kujibu. Ku CPC, andika OUT &BC00,2:OUT &BD00,47 na picha inasogea kushoto kwa nafasi ya herufi moja; ukiandika 45 inasogea kuume; namba ya kawaida ni 46. Kwa kuipandisha, OUT &BC00,7:OUT &BD00,31, na kawaida yake ni 30. Ukikosea, shika Control, Shift na Escape pamoja, mashini inaanza upya. Ku BBC Micro ya Waingereza, iliyotoka mu 1981, *TV 255 inashusha picha mstari mmoja wa maandishi kwa picha itakayofuata. Ku Amiga, disketi ya mfumo ilikuja na programu Preferences ya kusogeza ekrani kwa panya. Na tangu toleo la 2, mu 1990, mtu anaweza kuvuta pembe za picha mpaka fasi anataka.

Kuko tena neno moja linalosumbua sana watu wa Amiga na Atari ST. Michezo mingi ilitengenezwa kwa kipimo cha Marekani: mistari karibu 262, kurasa 60 kwa sekonde. Mistari 200 kati ya 262 inajaza vizuri. Mistari 200 kati ya 312 inaacha ukanda mkubwa chini. Njo maana mchezo ule ule uliokuwa mzuri kule unaonekana umebanwa ku ekrani ya Ulaya. Ordinateri ikigeuzwa ku 60, ku monita nyingi picha inajaza zaidi; lakini mchezo ambao unahesabu muda wake kwa kurasa unakimbia sehemu moja ya tano zaidi, na muziki pia inakimbia. Hakuna visi ya kutengeneza vile.

Wa pili: butoni za inje

Tuseme mtihani wa ukanda mweupe umeonyesha kwamba monita njo inapunguza. Bado haufungui. Angalia nyuma ya kifuniko kidogo cha mbele, angalia mashimo ya nyuma. Monita nyingi, sawa zile za Commodore na Philips, zina butoni ao visi za plastiki fasi ile. Soma majina vizuri, kwa sababu kusogeza haiko kukuza. V-SHIFT na H-PHASE zinasogeza. V-SIZE ao V-HEIGHT njo inakuza kwa urefu. V-HOLD inasimamisha picha isiruke. Haina kazi na ukubwa, na wengi wanaizungusha bure.

Mbele ya kuzungusha, acha monita iwake nusu saa. Ikiwa baridi, picha yake haiko ile ya kweli. Kisha jaza ekrani na herufi H kuanzia juu mpaka chini. Chukua rula, pima urefu wa herufi ya juu, ya katikati na ya chini. Zikilingana, umeregle vizuri. Herufi za juu zikiwa ndefu na za chini fupi, haiko ukubwa, ni mstari wa picha umepinda, na iko visi yake ingine yenye jina V-LIN. Usivute picha mpaka ukanda wote upotee. Pembe za chupa njo fasi mshale unachora vibaya kuliko yote. Maandishi yakifika pale yatapinda na kupoteza rangi. Acha ukanda kidogo. Haukuibii kitu.

Wa tatu: ugonjwa

Hapa njo tunaomba masikio. Kama picha ilikuwa kubwa mwaka jana na leo ni ndogo, hakuna mtu aliyegusa visi. Basi kuko kitu kilichobadilika ndani, na picha inakuambia. Ukikuza kwa visi, umeziba mdomo wa shahidi.

Picha imepunguka kwa urefu peke, juu na chini: mara nyingi ni kondensateri za kimia za upande wa bobini ya wima, zimekauka kwa miaka na joto. Ni vitu vya bei ndogo. Zikibadilishwa, picha inarudia ukubwa wake yenyewe. Lakini mtu akikaza visi, kondensateri inaendelea kufa, na visi inafika mwisho wake.

Picha imepunguka pande zote ine: angalia umeme ya ndani, ile inayolisha kila kitu. Iko chini ya kipimo kilichoandikwa ku sheme ya kifaa.

Picha inapanuka kila mara unaongeza mwangaza, na inafifia: umeme mkubwa ya chupa haishikilii tena. Picha inapumua, inaenda na kurudi wakati umeme ya nyumba inapanda na kushuka: kile kinachotakiwa kuituliza kimeshindwa.

Mstari mmoja tu mweupe katikati ya ekrani: bobini ya wima haipati kitu. Zima haraka, kwa sababu mstari ule unaunguza unga wa kioo na alama haitatoka tena.

Sisi wa sindika ya migodi tunajua tabia ya kukaza visi kusudi alama ya hatari isionekane. Mu migodi mtu anaweza kuchelewesha mshindo wa alarme badala ya kutengeneza pampu. Siku mbili kazi inaendelea. Siku ya tatu maji inaingia. Chombo kinachoonyesha hali mbaya haiko adui. Ni ndugu anayesema ukweli. Picha inayojikunja ni ndugu wa namna ile.

Kama lazima kufungua

Monita zingine hazina butoni ya upana inje. Mule ndani kuko bobini ndogo yenye kipande cheusi cha feriti katikati, chenye tundu ya pembe sita. Ukizungusha feriti ile, upana unabadilika. Inazungushwa na ufunguo ya plastiki. Ufunguo ya chuma inabadilisha kipimo wakati iko mule, kwa hiyo ukiitoa picha inaruka. Tena inaweza kupasua feriti, na feriti ikipasuka inakwama pale pale.

Kuko visi moja ambayo hatutaki mtu aiguse kwa kukuza picha: ile ya umeme kuu ya ndani. Ukiipandisha, umeme mkubwa ya chupa inapanda pamoja nayo. Ikipita kipimo, chupa inaweza kutoa miale ya X. Visi ile inagusa mtu mwenye sheme na mita, na anairudisha ku namba iliyoandikwa, hapana ku namba anayoipenda.

Sasa hatari yenyewe. Chupa inalinda umeme hata kisha kuchomoa fili. Inaweza kuulinda siku nyingi. Kondensateri kubwa ya mlango wa umeme nayo inabeba zaidi ya volti 300. Na shingo ya chupa ni kioo nyembamba: ukiigonga, hewa inaingia kwa nguvu na vipande vinaruka.

Mu migodi, mbele ya kugusa mashini ya umeme, tunafanya konsinyasio: unakata, unafunga kufuli, unahakikisha na mita kwamba hakuna kitu, kisha njo unagusa. Kwa monita ni sheria ile ile. Chomoa fili ku ukuta, na uiweke fasi unaiona. Toa saa, pete na mkufu. Chukua turnevisi bapa yenye mkono mzuri wa plastiki, funga waya ku chuma chake, na mwisho mwingine wa waya ushike waya ya masa inayozunguka chupa. Hapana fasi ingine. Mkono mmoja nyuma ya mgongo. Ingiza ncha chini ya kofia ya mpira ya chupa. Unaweza kusikia «tak». Ngojea dakika chache, rudia, kwa sababu kioo kinajichaji tena kidogo. Ile kondensateri kubwa ipimwe na mita, isiguswe kwa kubahatisha.

Wafundi wa kweli wanaregle na umeme ikiwa inawaka: wana transformateri ya kutenganisha na umeme ya nyumba, vyombo vya plastiki, na kioo cha kujiangalia mbele ya ekrani kusudi wasiiname juu ya kifaa. Asiyekuwa na vitu vile afanye pole pole. Zima, konsinye, zungusha robo, funga, washa, angalia. Kisha rudia. Inaweza kula mchana mzima. Na mtu wa pili awe karibu na fili ya umeme, asiwe ku telefone.

Utaona kwamba visi nyingi zimepakwa tone la rangi. Rangi ile iliwekwa ku kiwanda. Mfanyakazi alisimama ku sheni, akaangalia picha ya kujaribu, akazungusha mpaka kipimo, akatia tone, kifaa kingine kikafika. Alama ile inasema: hapa mtu alifanya kazi na akamaliza. Mbele ya kuivunja, piga alama na kalamu kuonyesha visi ilikuwa inaangalia wapi, kusudi uweze kurudia kazi yake kama yako imeshindwa.

Nani anabeba hatari

Mwenye monita anataka picha ijae. Mwenye atelie anataka mteja aende haraka. Anayeingiza mkono ni kijana, na mara nyingi analipwa kwa kifaa, haiko kwa saa. Kila dakika ya konsinyasio inatoka mu mfuko wake. Njo hapo watu wanakufa, mu atelie sawa vile mu karieri: haiko kwa kukosa akili, ni kwa kuhesabiwa muda.

Kwa hiyo tunasema wazi. Anayetuma kijana kufungua chupa ya picha amupe transformateri ya kutenganisha, mita, waya ya masa, mtu wa pili na muda unaolipwa. Kama hana, amupe kazi ingine. Na chupa iliyokufa isivunjwe kwa kutoa shaba ya bobini: kioo yake iko na risasi ndani, na unga wa mbele haufai kuingia mu mapafu. Bobini inafunguliwa na visi ya kola yake, taratibu. Chupa inabaki nzima.

Kwa mwenye picha ndogo nyumbani, anza na ule ukanda mweupe. Ukifika ukingo pande zote, keti, cheza, andika. Usipofika, butoni za inje, kisha kondensateri, na visi ya ndani kisha yote. Picha iliyobaki na kidole kimoja cha weusi pembeni haijaua mtu hata mmoja.